Mguu Usiokandwa

Tangu siku hizo siipendi hospitali inayonuka rangi mpya. Ile niliyopasuliwa ilikuwa inanuka rangi mpaka chooni. Ilikuwa miaka ya ruksa, na kila mwenye ujuzi kidogo na ndugu mwenye kiwanja alikuwa anafungua kitu mjini Arusha: duka la dawa, baa, shule ya chekechea ya Kiingereza, hospitali. Daktari wetu alikuwa ameacha kazi serikalini akafungua yake, vitanda vichache na bango kubwa kuliko jengo lenyewe. Alikuwa daktari mzuri, na kama nipo hai leo ni kwa sababu yake. Lakini harufu ile ndiyo niliyokuwa naivuta siku nilipoelewa kwamba naweza kufa kwa ajili ya mguu, na hadi leo nikikuta mahali wanapaka rangi, navuka barabara.

Nilikwenda pale kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Nilikuwa na watoto wawili, kibanda cha mitumba mtaa wa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, na damu ya mwezi isiyojua kukatika. Kabla ya hapo nilikuwa katibu muhtasari kwenye kiwanda cha umma, mpaka walipotuita ukumbini wakatuambia kiwanda kinauzwa na sisi tunapunguzwa, kana kwamba sisi ni chumvi iliyozidi kwenye mboga. Nikaingia kwenye mitumba kama wengine. Siku nzima nilikuwa nakaa juu ya belo la nguo, miguu inaning'inia, huku mafundi magari wanagonga vyuma mgongoni mwangu na mimi nabishana na mteja anayetaka gauni kwa bei ya leso. Mume wangu alikuwa dereva wa watalii. Alikuwa akija nyumbani na mfuko wa nguo zenye vumbi, anakula, analala, anaondoka tena.

Kwa hiyo aliyenipeleka hospitali ni mama. Mama alikuwa Mmeru wa kule juu, unapita Makumira unapandisha mpaka migomba inakufunika. Alikuwa mfupi, mkali, wa kwaya ya kina mama, na mkandaji. Hilo la mwisho ndilo watu walilomjulia. Mwanamke akijifungua upande wote ule, mama aliitwa. Alikuja na kopo lake la mafuta ya kondoo, akachemsha maji, akamkanda mzazi tumbo, kiuno, mapaja, miguu, mpaka mzazi analia kisha analala usingizi mzito. Mimi alinikanda uzazi wangu wote. Mikono yake ilikuwa midogo na mizito, na ilikuwa inafika mahali panapouma kabla hujasema.

Siku ya kulazwa alikuja muuguzi, sista mmoja kijana mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, akasimama upande wa miguuni na kuanza kuniuliza maswali ya kabla ya upasuaji. Nimezaa mara ngapi? Nina pumu? Nina presha? Nilimjibu yote. Ndipo akauliza swali ambalo nimelifikiria kuliko swali lolote maishani, pamoja na lile la mchungaji siku ya ndoa.

"Kwenu, kwenye ukoo, kuna ugonjwa wa damu?"

Asiyeikumbuka miaka ile hawezi kuelewa. Ugonjwa ule mwingine hakuna aliyeutaja kwa jina lake. Vijana walisema umeme, walisema mdudu, na watu wazima wenye kujiheshimu walishusha sauti wakasema ugonjwa wa damu. Jumamosi baada ya Jumamosi tulikuwa tunazika, na kila msiba ulikuwa na wanong'onaji wake nyuma ya turubai. Sasa huyu sista, mbele ya wagonjwa wengine waliotega masikio, anamuuliza mwanakwaya kama ukoo wake unao.

Mama alisimama. "Sista, wewe unatuona sisi ni watu wa namna gani?"

"Mama, nauliza tu. Kila mgonjwa tunamuuliza."

"Kawaulize wa kwenu. Mimi na baba yake huyu tulifunga ndoa kanisani na hakuna aliyetoka nje. Kwetu hakuna ugonjwa wa damu. Haujawahi kuwapo wala hautakuwapo."

Sista aliona haya. Alisema, "Basi mama, samahani," akaondoka, na maswali yaliyokuwa yanafuata akaondoka nayo. Baadaye aliniambia yalikuwa yapi. Kuna mtu kwenu aliyewahi kuvimba mguu mmoja? Kuna aliyekufa ghafla baada ya kujifungua, au baada ya kupasuliwa? Maana yake alikuwa anatafuta watu ambao damu yao huganda upesi ndani ya mishipa, ili walindwe mapema. Lakini neno lile "ugonjwa wa damu" lilikuwa limeshachukuliwa na ugonjwa mwingine. Mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa khanga, nikiwaza kwamba mama ametutetea vizuri.

Upasuaji nilikuwa nauogopa kama kila mtu, nikifikiri hatari yote imo kwenye kile chumba cha taa kali. Nilipoagana na mume wangu kabla hajaondoka safari, nililia vibaya. Nilipozinduka nikamkuta mama ananipangusa midomo kwa pamba yenye maji, nilisema moyoni, nimepona. Hivyo ndivyo nilivyodhani mambo yalivyo, kwamba kisu kikishatoka tumboni basi yamekwisha.

Kesho yake sista alikuja asubuhi. "Haya dada, leo tunasimama. Hatua chache tu, mpaka dirishani."

"Asimame aende wapi?" mama aliuliza.

"Atembee kidogo, mama. Akilala tu damu nayo inalala."

"Damu inalala! Mtu amechanwa tumbo jana. Kwetu mwanamke aliyetoka damu analala, analetewa. Hata kuku anayeatamia mnamwacha."

Na mimi, tumbo likiwaka moto, nilikuwa upande wa kuku. Sista akasema basi nichezeshe nyayo, juu chini, juu chini, na ninywe maji mengi. Nilizichezesha alipokuwa ananiangalia. Wageni walikuja, kina mama wa kwaya, majirani wa Sakina, na kila aliyekuja alinikuta nimelazwa kama mzazi: mto chini ya magoti, khanga mpya juu, mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai. Mama alikuwa anawapokea kwa fahari, na mimi nilikuwa naona raha. Tangu nilipoanza biashara hakuna aliyekuwa ameniambia nilale.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Halafu mguu wa kushoto ukaanza. Mwanzoni nilifikiri ni ganzi. Ukawa unavuta nyuma, kwenye shavu la mguu, kama mtu amenibana pale na kusahau kuniachia. Nilipoulinganisha na mwenzake niliona umekuwa mnene, ngozi imewamba na inang'aa, na ni wa moto. Nikamwambia mama.

"Ni kulala vibaya," alisema. "Lete hapa."

Alikuwa na lile kopo kwenye kikapu. Akaomba maji ya moto kwa mpishi, akaliweka kopo ndani mpaka mafuta yakalainika, akaupakata mguu wangu na kuanza. Alianzia kwenye kifundo akapandisha, kwa nguvu, kidole gumba kimezama kwenye nyama. Maumivu yalinipanda mpaka kwenye meno. Nilipiga kelele, naye akasema kinachouma ndicho kinachotoka, maneno yake ya siku zote. Nilimwamini. Nilishika chuma cha kitanda nikamwacha aendelee.

Sista aliingia na sinia ya vidonge. Ile sinia aliiacha ianguke.

"Mama, acha! Acha huo mguu! Usiuguse!"

Mama aliacha, mikono ikiwa hewani, inameta mafuta. Sikuwahi kuona mtu anamkaripia mama. Nikasubiri amjibu, lakini sista alikuwa ameshatoka mbio akimwita daktari, na mtu anapokimbia namna ile hakuna wa kugombana naye. Nilijua hapo hapo kwamba kuna kitu kibaya. Mgonjwa anajua kwa miguu ya wauguzi.

Daktari alikuja na futi ya fundi cherehani. Alimwamkia mama shikamoo, akaninyoosha miguu yote miwili, akaizungushia futi pale pale, huu halafu huu, akarudia. Aliukunja wayo wangu taratibu nikaruka. Aliniuliza kama kifua kinauma, kama napata shida kuvuta pumzi. Nikasema hapana, na mara tu niliposema hapana nikahisi kama kinauma.

"Sitaki nikutishe," alisema, na hapo ndipo aliponitisha. "Damu imeganda kwenye mshipa wa huu mguu. Hapo ilipo si mbaya sana. Ubaya ni kipande kikiachia kikasafiri mpaka kwenye mapafu." Alimgeukia mama, akalainisha sauti, akatafuta mfano atakaouelewa. "Mama, damu inatakiwa itiririke. Mtu amepasuliwa, amelala, hajigeuzi, damu inazubaa miguuni. Inaganda kama maziwa uliyoyaacha kwenye kibuyu."

"Kama maziwa?"

"Kabisa. Kama maziwa ya mgando."

Mama alikaa chini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi ya zamani, "Nilijua. Tangu siku ile nilijua. Yule bibi alimmaliza dada yangu kwa maziwa."

Mimi nilijua anasema habari gani. Daktari hakujua, akatuangalia kwa zamu. Dada yake mama, mama mkubwa ambaye sikumkuta, alikuwa ameolewa upande wa Momela. Alijifungua mtoto wake wa kwanza salama, na mama, msichana bado, alipelekwa kukaa naye arobaini. Mama mkwe wa mzazi alikuwa analeta kibuyu cha maziwa ya mgando kila siku. Asubuhi moja alileta, mama mkubwa akanywa, akainuka kumrudishia mama mkwe wake kibuyu kitupu, akashika kifua, akaanguka. Hakuinuka tena. Tangu hapo kwetu ilikuwa sheria: nyumba ile hatuli, hatunywi, hatuoi. Nimekua nikijua kwamba kuna bibi mmoja kule Momela aliyeua mtu kwa kibuyu. Hata tukikutana naye sokoni tulikuwa tunageuza nyuso, sisi watoto tusiojua lolote.

Mama alimweleza daktari yote hayo, na alipomaliza alikuwa na hasira kana kwamba ni jana. "Na leo wewe msomi umenithibitishia. Damu iliganda kwa yale maziwa."

"Hapana, mama. Nimekosea mfano. Maziwa hayaingii kwenye damu. Anywe mgando, anywe mabichi, ni mamoja." Akavuta stuli akakaa karibu naye. "Huyo dada yako, mguu wake ulikuwaje? Ulivimba?"

"Ulivimba. Huu wa kushoto."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Ulikuwa wa moto. Lakini sisi upande wetu hatukumwacha hivi hivi, daktari, asikudanganye mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa namkanda, asubuhi na jioni, ndipo nilipoanzia kazi hii. Hata siku ile bibi alipoingia na kibuyu, nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kumkanda."

Aliyasema kwa kujitetea, kuonyesha kwamba uzembe haukutoka kwetu. Halafu nikamwona anayasikia. Ilichukua muda, kwa sababu maneno yalishatoka na yeye alikuwa bado amenyoosha kidole kuelekea Momela. Kidole kikashuka. Akaangalia mguu wangu, ambao ulikuwa bado unang'aa mafuta ya kondoo.

Daktari alijishughulisha na futi yake, akiikunja.

"Daktari," mama alisema. "Ungekuwapo siku hizo, ungeniambia nini?"

"Mama, zamani zile hakuna aliyejua."

"Sikukuuliza hilo."

"Ningekuambia usiukande."

"Kwa sababu kile kipande kinaachia."

"Kinaweza kuachia. Lakini pia kinaachia chenyewe, mama. Mtu akikohoa, akigeuka, akisimama. Hakuna anayeweza kujua kilichotokea siku ile. Hata mimi siwezi."

"Asante, daktari," mama alisema. Akavuta khanga yake na kuifunga mikono ndani, yote miwili, mpaka kwenye viwiko.

Ningependa kuandika kwamba wakati ule nilimhurumia. Huruma ilikuja baadaye. Wakati ule nilikuwa na hesabu moja tu kichwani: mama mkubwa alikandwa, akasimama, akafa; mimi nimekandwa sasa hivi. Nilisubiri kufa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nasikiliza ndani ya kifua changu jinsi mtu anavyosikiliza mlango wa nje akiwa peke yake ndani ya nyumba, na kila moyo uliporuka nilifikiri ndicho hicho, kimefika. Nilikuwa na watoto wawili kwa jirani kule Sakina. Nilianza kuwagawa kichwani, huyu atalelewa na nani na huyu na nani, nikawagawa vibaya nikaanza upya.

Sindano za kuzuia damu isizidi kuganda walikuwa nazo chache, za kuanzia tu. Mume wangu alitokea mchana akiwa na sare yake ya safari, nyusi zimejaa vumbi, amekuja kuniona kwa furaha na nanasi mkononi. Daktari alimweleza pale mlangoni, na nanasi lile alilishika wakati wote wa maelezo bila kujua pa kuliweka. Akaondoka na gari la watalii kwenda Moshi kutafuta dawa, na sidhani kama aliomba ruhusa kwa mtu. Kabla jua halijazama alikuwa amerudi nayo. Alikaa karibu nami akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakuwa na hadithi ya Wazungu ya kunisimulia.

Sasa nilikatazwa kile nilichohimizwa mwanzoni. Nilale, mguu uinuliwe juu ya mito, usiguswe. Nikawa mwoga wa vitu ambavyo sikuwahi kujua kwamba vinaogopwa. Niliogopa kupiga chafya. Niliogopa choo. Jirani yangu wa kitanda cha pili alikuwa mchekeshaji, mama wa Kichaga mwenye duka, akianza kuiga mteja anayekopa nilikuwa naziba masikio, kwa sababu niliogopa kucheka. Nikisinzia nilizinduka nikijishika kifua. Nilimuuliza sista kila alipopita, "Sista, kimeachia?" naye aliniambia, "Dada, kingeachia usingeniuliza," jibu ambalo alidhani litanituliza.

Huyo sista tulikuja kuelewana. Siku moja alikaa kitandani akaniambia yale maswali ambayo hakuyamaliza. "Ningejua habari za mama yako mkubwa, tungekuanzishia sindano mapema, na kitandani tungekutoa kwa nguvu," alisema. "Lakini mama yako aliniogopesha." Nikamwambia hata mimi ananiogopesha. Tulicheka kidogo, mimi kwa tahadhari. Tangu hapo nilimsikia akiwauliza wagonjwa wapya kwa maneno mengine: kwenu kuna mtu aliyevimba mguu mmoja? Lile la ugonjwa wa damu hakulirudia tena, nadhani kwa ajili ya usalama wake.

Lakini mama. Mama aliendelea kuja kila siku, na hakunigusa. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati tu. Aliniletea uji, akauweka juu ya kabati badala ya kunipa mkononi. Mto ulipoteleza alimwita sista auinue. Alikuwa anakaa kwenye stuli, mikono ndani ya khanga, kwenye joto lile, ananiangalia usoni na hauangalii mguu. Kwaya walipokuja kuniombea wakashikana mikono kuzunguka kitanda, yeye alisimama dirishani akasema ana mafua. Mimi niliyaona yote hayo. Yaliniuma, na wakati huo huo, alipokuwa akisogea karibu mno na kitanda, mwili wangu ulikuwa unajikunja wenyewe. Aliuona mwili wangu ukijikunja.

Uvimbe ulipoanza kupungua daktari alisema nivae soksi ndefu za kubana, ambazo hapa mjini hakukuwa na anayeziuza. Mume wangu alikwenda kwenye kibanda changu mwenyewe akapekua mabelo, na alizipata: soksi za bibi fulani wa Ulaya, za kubana mpaka juu ya goti, rangi ya ngozi ya Mzungu. Nilisimama nazo kwa mara ya kwanza nikiwa nimeshikwa na sista upande huu na mume wangu upande ule. Uso wangu mweusi, mikono yangu myeusi, halafu miguu ya Mzungu. Yule jirani yangu wa kitanda cha pili alilia kwa kicheko. Mimi nilikuwa nalia kweli. Nilikuwa namuona mama mkubwa, ambaye sijawahi kuona hata picha yake, anainuka kurudisha kibuyu. Nilikataa kuinua mguu. Mume wangu alinibembeleza kama anavyobembeleza gari kwenye tope. Nilipiga hatua moja nikasimama kusikiliza kifua. Nikapiga nyingine. Nilifika dirishani, nikauona Meru umejifunika mawingu, nikasema sirudi kitandani kwa sababu ninaogopa kutembea tena. Ikabidi waniletee kiti.

Katika siku hizo mama alikosekana siku nzima. Aliporudi viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu na uso wake umechoka. Nilimuuliza alikuwa wapi.

"Momela."

Nikauliza kama yule bibi bado yupo.

"Yupo. Haoni tena. Nilijitaja jina akajua." Aliangalia sakafu. "Nilimwambia si maziwa yake. Nikamwambia ni mguu, na nikamwambia nani alikuwa anaukanda."

"Akasemaje?"

"Alisema tangu siku ile hajawahi kumpelekea mzazi mwingine maziwa. Hata binti zake mwenyewe. Alisema hakuwa na uhakika. Alikuwa anajiuliza labda kibuyu hakikusafishwa vizuri." Mama alivuta pumzi. "Miaka yote hiyo, mwanangu, hakuwa na uhakika. Na mimi nilikuwa nao."

Ndipo alipolia, na alimlilia dada yake. Aliniambia hajawahi kumlilia kama mtu aliyeugua. Alikuwa amemlilia kwa hasira tu, kama mtu aliyeibiwa. Alikuwa analia machozi yanashuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa ndani ya khanga.

Waliniruhusu nikiwa na vidonge vya kulainisha damu na maonyo ya kutosha mwaka mzima: nisikae juu ya belo miguu ikining'inia, nitembee, ninywe maji, nikipasuliwa tena niseme mapema. Mbele ya mama daktari alisema mguu sasa unaweza kuoshwa na kupakwa mafuta kama mguu mwingine wowote, ila usikandwe kwa nguvu. Mama aliitikia kwa kichwa.

Nyumbani Sakina, jioni ya kwanza, nilitaka kuoga. Siku zote zile nilikuwa nimepanguswa kwa kitambaa, na nilikuwa najinukia. Mume wangu alichemsha maji akayapeleka bafuni, akaniweka kwenye kigoda, akatoka. Mshono wa tumbo haukuniruhusu kuinama. Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo.

"Mama, njoo unioshe."

"Nimwite mumeo."

"Nimekuita wewe."

Aliingia. Aliitoa mikono ndani ya khanga kana kwamba anaitoa kwenye moto, akapaka sabuni. Aliniosha shingo, akaniosha mabega, na alipofika mgongoni vidole vyake vikasahau, vikaanza kukanda, vikapata pale pale palipokuwa pamekaza tangu hospitali. Nilifumba macho. Nilikuwa nimeikosa sana mikono ile. Kisha akakumbuka, akaacha.

Akaniosha mikono. Akapiga magoti, akaniosha mguu wa kulia, goti, muundi, kisigino, kidole kwa kidole. Halafu akachota maji kwa kopo, akayainua, akayamwaga juu ya mguu wa kushoto polepole bila kuugusa. Akachota tena, akamwaga tena, mpaka povu lote likaondoka. Ningeweza kumwambia, mama, daktari ameruhusu, nawe ulisikia. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Niliona anavyolishika kopo mbali na ngozi yangu, nikaona na mguu wangu unavyojikunja chini yake, nikaomba taulo. Nilitaka aniguse kuliko kitu chochote, na nilishukuru kwamba hakunigusa.